Kitanda cha Tano

Maziwa ya Wening yalikauka siku ile ile aliyoanza pilates, na kwa siku mbili nzima alijidanganya kwamba ni uchovu wa mazoezi.

Alikuwa ametoka nyumbani saa tatu na nusu asubuhi kifua kimejaa mpaka kinauma, kwa sababu mwanawe Danar, mtoto wa wiki tisa, alilala bila kumaliza kunyonya. Saa tano na nusu alirudi, akampokea mtoto kutoka kwa mama mkwe wake, akakaa kwenye kochi na kumweka ziwani. Danar alivuta, akavuta tena, akaachia na kuanza kulia. Wening akambadilisha upande. Baadaye akajaribu pampu, na chupa ikabaki kavu vile vile ilivyotoka kabatini. Vitambaa alivyoweka ndani ya sidiria navyo vilikuwa vikavu. Hapo ndipo aliposita, maana maziwa yakitoka lazima yalowanishe mahali.

"Umeyaacha huko kitandani kwao," alisema mama mkwe, Bu Sukesi, mama wa makamo aliyetoka Bantul kuja kumsaidia mkaza mwanawe na kumsema. "Mtu unaacha kitanda chako unakwenda kulala kwenye kitanda cha watu na kusukuma miguu. Sisi tunasukuma mara moja tu, mtoto akishatoka yameisha."

"Ni mazoezi ya mgongo, mama."

"Nani ambaye mgongo haumuumi? Kunywa supu hiyo."

Supu ilikuwa ya majani ya katuk, ambayo Java nzima inaamini huleta maziwa. Wening alikunywa bakuli mbili akimwangalia mtoto, na moyoni alijua kuna jambo ambalo supu haiwezi kulitibu.

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa chini ya jengo hilo hilo la Jakarta alilokaa Wening, yeye ghorofa ya kumi na tisa, ukumbi kwenye maduka ya chini. Ulifunguliwa na rafiki yake wa chuo, Fenny, mwanamke mwembamba mwenye subira, ambaye alikuwa na vitanda sita vya rifoma na wanafunzi wanne kabla ya Wening. Asiyewahi kuiona rifoma atadhani ni kitanda cha hospitali kilichopandishwa cheo. Juu yake kuna kigari cha kulalia kinachoteleza kwenye reli. Unalala chali, unaweka nyayo kwenye chuma cha mbele, unasukuma, kigari kinakwenda, na springi zilizofungwa kwa chini zinakivuta kirudi. Springi nyekundu ni nzito, ya buluu ni ya wastani, ya manjano ni nyepesi mno, haitoshi hata kumsumbua mtu mzima.

"Sukuma kwa pumzi nne, rudi kwa pumzi nne," Fenny aliwaambia siku ya kwanza, akipita baina ya vitanda na soksi zake za mpira. "Kazi kubwa ni kurudi. Msikiachie kigari. Kirudisheni nyumbani taratibu."

Wening alikuwa kitanda cha sita, mwisho kabisa. Cha tano hakikuwa na mtu. Kila aliposukuma alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia tangu ajifungue, mwili ukiwa wake tena, na kila kigari kiliporudi alihisi kifuani ule mvuto ambao kila mama anayenyonyesha anaujua, ule wa maziwa kushuka. Alidhani Danar analia huko juu na mwili umesikia. Kulikuwa na harufu ya manjano mbichi na udongo uliolowa. Aligeuza kichwa, akauona ule mti nyuma ya kitanda cha tano, akageuza kichwa upesi upande mwingine.

Sasa niuseme huo mti, maana aibu yote imeanzia hapo.

Danar alipozaliwa, baba yake, Prasojo, alifanya kama baba yake alivyomfanyia yeye. Alilichukua kondo la nyuma, akaliosha kwa mikono yake, akalifunga kwa kitambaa cheupe, akaliweka ndani ya kichungu cha udongo pamoja na chumvi, manjano, sindano, penseli na maua. Kwa watu wa Java kondo si uchafu wa hospitali. Ni mdogo wake mtoto, aliyemlisha miezi tisa na kutoka nyuma yake, na anazikwa karibu na mlango wa nyumba, na juu yake inawashwa taa kwa siku thelathini na tano ili asipotee. Mtoto mchanga akicheka peke yake watu husema anacheza na mdogo wake. Bu Sukesi alitaka kichungu kipelekwe kwake Bantul ambako kuna ua. Wening ndiye aliyekataa, akasema wakae nacho karibu. Kwa kuwa ghorofa ya kumi na tisa haina ardhi, Prasojo alikizika ndani ya chungu kikubwa cha maua kwenye veranda, akapanda juu yake mtini wa mapambo, akafunga taa ndogo ya umeme.

"Usiizime, hata mchana," alimwambia mkewe. Siku ya kumi akarudi kazini kwake, kwenye machimbo ya nikeli huko Sulawesi, ambako hutoki mpaka miezi mitatu ipite.

Wening aliizima siku ya kumi na mbili. Taa ilivuta wadudu, wadudu waliingia ndani, mtoto hakulala, na yeye hakuwa amelala siku tatu. Alisema ataiwasha kesho, na kesho hiyo haikuja. Mti ukakua kupita kiasi, majani mapana kama sahani, na wageni wakawa wanausifu. Kisha Fenny akafungua ukumbi, kila rafiki akapeleka zawadi, Wening hakuwa na kitu cha kupeleka. Aliutazama mti. Alijiambia atachimba kwanza atoe kichungu. Alipoingiza vidole kwenye udongo ukawa wa vuguvugu, akatoa mkono, akanawa, akawapigia wapagazi wa jengo waushushe. Kwa mama mkwe, aliyefika wiki moja baadaye, alisema uongozi wa jengo umekataza taa kwenye veranda, hivyo kichungu kimezikwa Bogor kwa rafiki. Kwa mumewe hakusema chochote.

Ndiyo maana aligeuza kichwa.

Alirudi darasani mara ya pili siku ya Alhamisi. Mtu anaweza kuuliza kwa nini arudi, na Wening mwenyewe alijiuliza ndani ya lifti. Alitaka kujihakikishia kwamba si mti. Na, tuseme ukweli, alitaka pia ile saa moja ambayo hakuna mtu anayemlilia.

Wanafunzi wengine walishasogea wote kuelekea mlangoni, kwenye vitanda vya kwanza mpaka cha nne.

"Huko mwisho kuna ubaridi," mmoja alimweleza kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. "Na kile cha tano kinacheza. Mimi sikai tena."

"Sakafu haijakaa sawa," alisema Fenny. "Fundi anakuja Jumatatu."

Wening akalala kwenye cha sita. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa kwenye vioo, nje watu wanapita na kahawa zao, na pale hapakufanana hata kidogo na mahali pa mashetani. Akavuta pumzi, akasukuma. Akasikia springi yake ikilia kwa chini, kisha, nukta moja nyuma yake, akasikia springi nyingine, nyembamba, ikilia upande wa kushoto. Akaacha kusukuma. Ile nyingine nayo ikasimama. Akasukuma tena, na bila kugeuza shingo, kwa pembe ya jicho tu, akakiona kigari cha kitanda cha tano, kisicho na mtu, kilichofungwa springi moja tu ya manjano ambayo Fenny aliapa baadaye hakuifunga yeye, kikiteleza upana wa kiganja na kurudi, kikiteleza na kurudi, kwa pumzi zake yeye, na kila kiliporudi maziwa yalimshuka kifuani kwa nguvu hata akauma midomo, na hakuna tone lililolowanisha nguo, na katikati ya sauti ya Fenny akihesabu nne, tatu, mbili, akasikia kule kumeza, mdomo mdogo ukimeza, ukipumua, ukimeza tena, sauti ambayo kwa wiki tisa alikuwa ameisikia kila saa mbili na asingeweza kuikosea.

Alishuka kitandani kabla darasa halijaisha, akatoka na soksi.

Huko juu alimkuta Bu Sukesi amesimama katikati ya sebule na Danar begani.

"Saa nne kasorobo alikuwa ametulia," mama mkwe alisema. Sauti yake haikuwa na masihara. "Ilipofika saa nne akaanza kurusha miguu. Anakunja, ananyoosha, anakunja, ananyoosha, macho kayatoa. Nikamshika miguu, akanishinda nguvu. Mtoto huyu, Wening. Umepata kumsikia akicheka?"

"Bado mdogo, mama."

"Baba yake alicheka wiki ya tano. Nimekaa hapa wiki nzima huyu hajacheka hata akiwa usingizini. Ana mdogo wake na hachezi naye." Alimhamishia mtoto bega la pili. "Huko Bogor kwa nani?"

Wening alisema jina la kwanza lililomjia.

Mchana ule walimpeleka kliniki. Danar alikuwa amepungua nusu kilo. Nesi alishauri maziwa ya kopo, na Danar akayatapika yote. Wakajaribu kopo la aina nyingine, mtoto akatapika tena. Jumamosi mtoto hakulia tena kwa sauti. Alifungua mdomo tu, na midomo yake ilikuwa imepauka. Wening alimshika, akayahesabu yote aliyoyafanya toka ile taa, akajichukia kwa namna ambayo haina maneno. Ile saa aliyoitafuta, ya kutoliliwa na mtu, sasa ilikuwa mikononi mwake.

Akashuka kwenda kuuchukua mti.

"Unaudai?" Fenny alicheka kidogo, kisha akaona uso wa rafiki yake. "Ning, nimeuhamishia chungu kingine jana. Udongo ulikuwa unanuka. Halafu ndani mlikuwa na kitu." Akafungua kabati la taulo, akatoa mfuko. "Nilitaka kukuuliza. Ni vyombo vyenu?"

Vilikuwa vigae vya kichungu. Kila kigae kilikuwa kimepinda kuelekea nje, kama kilichosukumwa kutoka ndani, na kitambaa cheupe kilikuwepo, na sindano, na penseli. Ndani ya kitambaa hamkuwa na kitu.

Wening alipanda lifti na mfuko ule, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akasema yote. Hakujitetea. Bu Sukesi alisikiliza mpaka mwisho akiwa amemkumbatia mtoto, na Wening alitamani apigwe.

"Ningekusema miaka kumi," alisema yule mama hatimaye, "lakini huyu hana siku kumi. Inuka. Nyuma ya jengo hili, kule mtaani, yupo Bibi Karsinah anayekanda watoto. Kamlete."

Bibi Karsinah alikuja na kanga yake ya batiki, mdomo umejaa tambuu, akauingia ukumbi wa Fenny kama anaingia jikoni kwake. Ilikuwa saa sita mchana, mvua inaanza. Hakuchoma ubani wala hakusoma kwa sauti. Alikizunguka kitanda cha tano, akaweka kiganja kwenye kigari.

"Springi nyepesi kuliko zote ni ipi?"

"Ya manjano," alisema Fenny kwa kunong'ona.

"Fungua hata hiyo."

Fenny akaifungua. Kigari kisicho na springi kikaanza kwenda chenyewe, polepole, kikaja mpaka kikagusa goti la Wening, kikatulia hapo. Fenny, Mkatoliki wa Semarang, alijifanyia ishara ya msalaba mara tatu.

"Mfukuze, bibi," Wening alisema. "Nakuomba. Chochote unachotaka."

Bibi Karsinah alimgeukia, na kwa mara ya kwanza alionekana kukasirika. "Majini nimeyafukuza mengi, binti. Huyu si jini la njiani. Ni mtoto wa kwenu. Mmempa nyumba mkamzimia taa, halafu wewe ukamtoa zawadi. Nikimfukuza huyu, yule mwenzake wa juu atamfuata, walikuja pamoja. Unataka nimfukuze?"

"Hapana."

"Basi mchukue."

Alimvalisha Wening mbeleko ya batiki, ikining'inia tupu upande wa kushoto, akamwagiza aiteremshe juu ya kigari. Wening aliinama. Alisema alivyoelekezwa, kisha akaendelea kwa maneno yake mwenyewe, akalia, akaomba msamaha kwa kitanda kisicho na kitu mbele ya rafiki yake. Mbeleko ikakaza begani. Uzito ulikuwa mdogo, wa vuguvugu, na ulijikunja kumwelekea.

"Usitazame ndani," alisema bibi. "Mwambie njia, asipotee tena."

Wakatoka hivyo. "Tunapita mlango," Wening alisema. "Tunaingia kwenye lifti. Tunapanda." Mtu mmoja aliyekuwa na mifuko ya sokoni alimwangalia akisema peke yake, akashuka ghorofa isiyo yake. "Hapa ndipo nyumbani. Kaka yako yumo ndani."

Alipovuka kizingiti, Danar, ambaye tangu asubuhi hakuwa na nguvu ya kufungua macho, alicheka.

Waliurudisha mti kwenye veranda, wakavizika kitambaa na vigae upya chini yake, wakawasha taa. Maziwa yalirudi jioni ile, mengi mno. Bibi Karsinah, kabla hajaondoka, alitoa sharti moja tu, akalirudia mara mbili. "Siku thelathini na tano umbebe huyo na umnyonyeshe, ziwa la kulia la kaka yake, la kushoto lake. Zikitimia atalala mwenyewe udongoni, hutamhisi tena. Watu watakuuliza umebeba nini. Usimkane. Mseme kwa jina la udugu wake, kila atakayeuliza. Amekanwa mara moja, na ya pili hataivumilia."

"Na mume wangu?"

"Yeye ndiye wa kwanza kuambiwa."

Bu Sukesi alitaka kumpigia mwanawe simu siku ile ile. Wening alimsihi amwachie mwenyewe amwambie, uso kwa uso. Mama mkwe alikubali, akakaa wiki mbili zaidi, akarudi Bantul.

Na Wening alijitahidi, haki yake apewe. Alipoulizwa na walinzi wa jengo, alisema, "Mdogo wake Danar." Alipoulizwa na jirani, alisema hivyo hivyo, na jirani akaacha kupanda naye lifti. Alifanya kazi zote na watoto wawili, mmoja anaonekana. Kushoto alikuwa anahisi fizi, na baada ya wiki ya tatu alihisi jino. Danar alinenepa, mapaja yakawa na mikunjo. Alicheka kutwa nzima, macho yakiielekea mbeleko. Kila Prasojo alipopiga simu Wening alisema yote ni mazuri, akajiambia atamweleza akifika. Usiku wa siku ya thelathini na mbili aliyapanga maneno yake hata akayajua kwa moyo.

Prasojo alifika siku ya thelathini na tatu, saa saba mchana, siku tano kabla ya alivyotarajiwa, mweusi kwa jua, na begi mgongoni. Alimwinua Danar juu, mtoto akacheka, na yeye akacheka huku machozi yakimtoka. Alikwenda veranda, akaiona taa inawaka, mti umestawi. Akarudi, Danar begani, akamshika mkewe shavu kwa mkono mmoja.

"Mas, mume wangu, kuna jambo," Wening alianza.

"Subiri niseme mimi kwanza. Huko machimboni kila nikilala nilikuwa na wasiwasi na ile taa, sijui kwa nini. Nilijiambia, ana kazi nyingi, ataisahau. Nisamehe kwa kukuwazia hivyo. Hakuna mama kama wewe."

Maneno aliyoyapanga yakamkauka mdomoni. Prasojo akarudi nyuma kidogo, akamtazama vizuri, akaiona ile batiki imekaza begani upande wa kushoto, na mkono wa mkewe ukiishikilia kwa chini.

"Na hapo umebeba nini?"

Alikuwa anatabasamu. Miezi mitatu hakuwa amemwona akitabasamu. Wening alitaka dakika moja tu zaidi ya kuwa mama aliyedhaniwa.

"Hakuna kitu," alisema.

Mbeleko ikawa nyepesi. Kule veranda springi ya mlango ililia, mlango ukafunguka upana wa kiganja na kurudi taratibu. Begani kwa baba yake Danar aliacha kucheka, akageuza shingo kuutazama, kisha akaanza kurusha miguu.